Mbao ya Upande wa Kushoto

Siku walipomkalisha Fundi kitandani kwa mara ya kwanza, mkewe alikuwa amekuja wodini na soksi mpya na matumaini tele. Wiki ya tatu ilikuwa inakwisha tangu jukwaa la ujenzi lilipokatika, Fundi akaanguka nalo mpaka chini na kupasuka kichwa. Sasa alikuwa anakula na kuongea. Mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vizito, lakini ulimi ulikuwa uleule, mtamu na mkali. Mwanamke akaona kubwa limekwisha. Akakaa upande wa kushoto wa mumewe ili ampe bega.

Fundi akamlalia. Tena haikuwa kulalia kwa mtu aliyechoka. Mkono wake wa kulia, ule mzima, ule wa kushikia mwiko, ulijikita kwenye ukingo wa kitanda na kuusukuma mwili wote kuelekea kushoto, juu ya mkewe. Mkewe akajikaza kumrudisha. Kadiri alivyomrudisha, ndivyo naye alivyozidisha. Uso ulimjaa jasho, macho yakamtoka.

"Ananiangusha!" Fundi alipiga kelele. "Jamani, huyu mwanamke ananisukuma! Mtoeni!"

Mama mmoja aliyekuwa anamenya chungwa kitanda cha pili aliacha kumenya, akatazama mikono ya yule mke, kisha akatazama uso wake. Mke hakujua aiweke wapi hiyo mikono. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajawahi hata kumfinya mumewe kwa utani.

Dada wa mazoezi ya viungo alikuja mbio na raba zake nyeupe. Alikuwa mfupi, mwembamba, na mtu angeweza kujiuliza atamwezaje jitu kama lile. Hakumshika Fundi kabisa. Alimwondoa mke pale kushoto, akaenda kukaa upande wa kulia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Fundi, lete bega lako kwangu. Taratibu. Mimi siendi popote." Fundi alitweta, akasita, akasogea kidogo kama mtu anayeambiwa asogelee shimo. Hakufika, lakini alisogea.

Kisha alimtoa mke mpaka ukumbini, nje ya wodi.

"Mama, mumeo hakuchukii," dada wa mazoezi alimwambia. "Kichwani mwa mtu kuna kitu kinachomwambia yuko wima, hata akifumba macho. Cha kwake kimehama. Akipinda, anahisi amenyooka. Ukimnyoosha, anahisi unamtupa chini. Wewe ungetupwa usingepigana?"

"Kwa hiyo amerukwa na akili?"

"Akili anazo zote. Na macho yake mazima, akitazama mlango anaona umesimama sawasawa. Ni mwili wake tu unaomdanganya. Sasa nisikilize vizuri. Usimsukume. Usimwekee egemeo upande wa kushoto, maana chochote utakachokiweka pale atakisukuma tu. Mkalishe karibu na ukuta, ukuta uwe kuliani kwake, umwambie aufuate. Na usibishane naye kwa maneno, utajichosha. Mwonyeshe."

"Atapona?"

"Wengi wanarudi, kama wanafanyishwa mazoezi kila siku. Mlete kwangu mara tatu kwa wiki. Kitu ninachokiogopa ni kumlaza. Akilazwa tu chumbani, siku zikapita, mwili unazoea hivyohivyo. Usikubali mtu yeyote amlaze."

Mke aliitikia kwa kichwa. Angeweza hata kula kiapo. Hakujua kwamba kazi ngumu haitakuwa kumnyoosha mume, itakuwa kuaminiwa na watu.

* * *

Kazini, Fundi alikuwa na jina la kichinichini. Walimwita Bomoa. Ukuta ukipanda umeinama hata upana wa kidole, alikuwa haulizi wala hagombi. Atashusha timazi yake, ule uzi wenye kijiwe cha shaba, atakiacha kitulie, atatazama mara moja, kisha atasema neno moja tu: "Bomoa." Kuna vijana waliowahi kubomoa ukuta mmoja mara tatu, wakalia, na bado wakarudi kufanya kazi naye, kwa sababu nyumba zake zilikuwa hazipati nyufa.

Basi watu hao ndio waliokuja kumwona alipotolewa hospitali. Walijaa kwenye chumba cha mbele, makopo ya chai mkononi, wakacheka mpaka machozi, maana Fundi alikuwa na maneno. Aliwauliza kwa utani, mbele ya msimamizi mpya, kama ameshawafundisha kujenga kuta za duara. Aliuliza habari za kila mmoja, na hakukosea hata mtoto wa nani anaumwa. Mtu aliyekaa hivyo amepinda kama mzigo unaotaka kudondoka, huku anaongea sawasawa namna ile, hujui uamini macho au masikio. Wao waliamini masikio.

"Shida yangu ndogo tu," Fundi aliwaambia, na sauti ikashuka. "Huyu mwenzangu ananisukuma. Kila nikikaa vizuri, ananisukuma. Sijui nimemkosea nini."

Vicheko vikakatika. Mke alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alisubiri mtu mmoja acheke, aone kwamba ni utani, hakucheka mtu. Msimamizi alitazama ndani ya kopo lake kama ameona nzi.

"Shemeji," mmoja alimwambia wakati wa kuaga, kwa upole uliokata maini kuliko tusi, "mgonjwa anahitaji uvumilivu."

Jambo kama hilo likishatoka mlangoni halihitaji kusindikizwa. Lilifika mpaka kwenye duka la dobi ambako mke alipiga pasi tangu ujana wake. Mikono yake ilikuwa na alama nyeusi kuanzia kiwiko mpaka begani, pale mumewe alipokuwa akimng'ang'ania ili asianguke, na mvuke wa pasi haukuruhusu nguo ya mikono mirefu. Tajiri wake alimwita nyuma ya mashine.

"Mama, mimi siingilii ya watu. Lakini wateja wanauliza mnapigana nini na mgonjwa. Hebu kaa huku nyuma kwa sasa, mbele akae mwingine."

"Hatupigani. Ni ugonjwa wake. Akikaa, mwili wake..."

"Sawa, sawa," alisema tajiri, huku ameshageuka. Mke alibaki na maelezo yake mdomoni. Alikuwa ameyarudia mara nyingi wiki ile, na kila aliporudia yalisikika ya uongo zaidi, hata kwake mwenyewe.

Nyumbani alifuata alichoambiwa. Alimkalisha Fundi kwenye ukingo wa kitanda, ukuta uko kulia. "Fuata ukuta, Fundi." Siku nyingine alisogea mpaka bega likagusa plasta, akakaa hivyo akipumua kwa hofu, jasho likimtoka, na mke akahesabu kimya kimya mpaka kumi, mpaka kumi na tano. Halafu ule mkono wa kulia ulianza tena kazi yake. Mama mkwe, aliyekuwa anaishi nao, alikaa kwenye kiti chake pale pembeni akitazama yote hayo, na midomo yake ilicheza bila kutoa neno.

* * *

Kaka yake Fundi alikuwa seremala, na alikuwa mkubwa kwake kwa miaka tisa. Alikuja Jumatatu na begi la vifaa. Alimkuta mdogo wake amelalia upande wa kushoto, amepinda kiasi kwamba kamasi zilikuwa zinamwendea shavuni. Yule mzee akashika kichwa.

"Mdogo wangu! Wamekufanya nini?"

"Kaka, afadhali umekuja," alisema Fundi. "Mimi nakaa vizuri tu. Huyu ndiye hataki nikae."

Mke alieleza. Alieleza polepole, kama alivyoelezwa yeye, habari za kile kitu cha kichwani kilichohama, habari za ukuta wa kulia. Shemeji yake alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameuma penseli, kwa ile adabu ya mtu ambaye ameshaamua.

"Shemeji, mimi nimefanya kazi ya mbao miaka arobaini. Kitu kikiinama kushoto, unakiwekea mhimili kushoto. Hata mtoto anajua. Sasa wewe unamwekea ukuta kulia, huku kushoto unamwacha wazi adondoke. Hiyo ni tiba au ni nini?"

"Dada wa mazoezi amesema chochote tutakachokiweka kushoto..."

"Huyo dada ameshawahi kujenga nini?"

Akapima, akakata, akagonga. Mpaka saa kumi jioni kiti cha mikono kilikuwa kimepata mbao pana upande wa kushoto, imepigwa randa vizuri, imefungwa blanketi isimuumize mgonjwa. Kilikuwa kiti kizuri, tuseme ukweli. Kilitengenezwa kwa upendo mtupu na kilikuwa kosa kuanzia msumari wa kwanza. Wakamkalisha Fundi, na Fundi akaikuta ile mbao kwa bega lake, akaisukuma, na mbao ikakaa imara. Uso ukamnyooka. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, alihisi dunia imetulia.

"Umeona?" kaka alimwambia shemeji yake. "Mtu anataka kushikwa, si kusukumwa."

Mke aliona mume wake amepinda kuliko jana, na kila mtu chumbani alikuwa anatabasamu.

Siku tatu Fundi aliisukuma ile mbao, asubuhi mpaka jioni, bila mwenyewe kujua kama anasukuma. Ukutani hakutaka tena kusogea. Kliniki hakutaka kwenda. Alhamisi, mke akiwa amesimama hatua moja kutoka kwake anakunja mashuka, misumari ililia. Mbao iling'oka, kiti kikapinduka, na Fundi akaenda nacho. Kichwa chake, kile kilichoshonwa, kilipiga sakafu.

Mke alipiga ukelele ambao hakujua kama anao. Damu haikutoka nyingi, na Fundi hakuzimia, lakini alikuwa amelala sakafuni amemkodolea mkewe macho ya mtu aliyeshuhudia mauaji.

"Umenitupa," alimwambia. "Leo umenitupa kabisa."

Fundi mwenyewe ndiye aliyempigia kaka yake simu, kwa mkono wa kulia. Kaka alifika jua halijazama. Hakukaa. Alimwendea mama yao.

"Mama, wewe ulikuwepo hapa. Ilikuwaje?"

Mama mkwe alikuwa na ungo wa mchele mapajani. Alikuwa ameona kila kitu. Aliona mkwe wake amesimama na shuka mkononi, aliona mkono wa mwanawe unavyokita, aliona bega linavyoigonga ile mbao mpaka ikaachia. Lakini kusema hivyo ilikuwa kusema kwamba mwanawe amejiangusha mwenyewe, kwamba kichwa chake hakiko sawa, na hilo ulimi wake ulikataa kulibeba.

"Nilikuwa nachagua mchele," alisema. "Sikuona."

Mke alimgeukia kwa mshangao. Kwa muda alifikiri hakusikia vizuri. "Mama?" alisema. Yule bibi aliinama akaendelea kutoa vijiwe.

"Basi," alisema kaka. Aliichukua mbao, akairudisha mahali pake kwa misumari mirefu maradufu, na kila pigo la nyundo lilikuwa linaongea. "Jumapili nakuja na gari. Nina chumba cha uani, kuna kitanda kizuri. Atalala, atapumzika, atatulia. Wewe shemeji baki na kazi yako."

"Akilazwa harudi tena! Wameniambia! Shemeji, nakuomba, chukua kila kitu, lakini usimlaze."

"Huko atalala, lakini hakuna wa kumtupa."

* * *

Jumapili baada ya chakula cha mchana, gari la mizigo lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Nyuma lilikuwa na godoro jipya, bado lina nailoni yake. Nguo za Fundi zilikuwa kwenye mfuko. Mke alikuwa amezifua na kuzipiga pasi zote, hata soksi, kwa sababu mikono ilihitaji kazi, na alikuwa amepandisha mikono ya blauzi kwa joto na kusahau kuishusha.

Fundi mwenyewe alikuwa tayari, amekaa kwenye kiti chake, amelalia mbao yake. Hilo ndilo lililomshtua mkewe kuliko yote. Alikuwa anataka kwenda.

"Simsukumi," mke alisema. Aliwaambia wote watatu, mume, kaka na mama, kwa sauti iliyokwisha. "Sijawahi kumsukuma. Hilo tu."

"Bado anabisha!" Fundi alisema. "Haya. Mimi sitaki maneno. Chini ya kitanda kuna boksi langu. Leteni timazi. Ning'inizeni hapo kwenye kioo cha kabati, halafu mama yangu na kaka yangu waone wenyewe nani amepinda humu ndani."

Boksi mke alilijua. Wiki zote hizo alikuwa analifagia pembeni, na zaidi ya mara moja lilikuwa limemjia wazo hilohilo. Alikuwa hathubutu. Alimjua mwanamume huyu alivyokuwa akiutazama ukuta uliopinda, na hakutaka kuwapo siku atakapojitazama mwenyewe hivyo, tena mbele ya watu. Lakini gari lilikuwa linanguruma nje. Na yule dada wa raba nyeupe alisema, mwonyeshe.

Alipiga magoti, akavuta boksi, akautoa uzi. Aliufunga kwenye msumari juu ya kabati, akakiachia kijiwe cha shaba. Kikapembea kushoto na kulia mbele ya kioo, kikapunguza, kikatulia. Kisha akakigeuza kiti na mtu wake mpaka Fundi akawa anajitazama uso kwa uso, uzi umepita katikati.

Fundi alitazama kwa macho ya kazini, jicho moja limefinywa.

"Nani aliweka hiki kioo?" aliuliza. "Kioo kimepinda."

Kaka alisogea. Aliupeleka uzi ukingoni mwa kioo, akaulinganisha juu na chini, maana hilo ni jambo alilolijua. "Kioo kiko sawa," alisema, na sauti yake haikuwa na uhakika wa Alhamisi. Akaurudisha uzi mahali pake.

"Kabati?"

"Kabati nimelitengeneza mimi. Liko sawa."

Uzi ulishuka umenyooka, na nyuma yake, ndani ya kioo, kulikuwa na mwanamume mwenye kovu kichwani, amelala upande kama ukuta ambao hakuna fundi angeuacha. Fundi aliutazama uzi. Alijitazama. Aliurudia uzi. Wote watatu waliokuwa pale waliona jinsi alivyokuwa akitafuta kosa mahali pengine, kwenye sakafu, kwenye dari, kwenye msumari, akilikosa kila mahali. Miaka yote ile ya kazi, uzi ule haukuwahi kumdanganya hata siku moja.

"Bomoa," alisema.

"Nibomoe nini?" aliuliza kaka.

"Hii mbao yako. Bomoa."

Kaka aliichukua nyundo. Mikono iliyopigilia misumari ile kwa hasira siku ya Alhamisi sasa ilikuwa inaing'oa mmoja mmoja, na ilichukua muda, maana alikuwa ameipigilia vizuri. Mbao ilipoachia, Fundi aliyumba kuelekea kule kulikobaki wazi. Kaka alitaka kumdaka.

"Usimguse!" mke alisema. Hakuwahi kumwambia shemeji yake neno kwa sauti ile. Alizunguka, akasimama nyuma ya bega la kulia, mikono yake ameiweka wazi ionekane kiooni. "Fundi, usinisikilize mimi. Tazama uzi. Ufuate."

Fundi alisogea. Upana wa kidole kimoja. Viwili. Mkono wa kulia ulikuwa unakita, na yeye alikuwa anaubandua kitini kidole kimoja kimoja. Machozi yalimtoka bila kificho. Alipofika mahali ambapo pua yake, shingo yake na vifungo vya shati vilikuwa vimefuata uzi ule, alikuwa anatweta kama aliyepanda ngazi ghorofa kumi.

"Hapa?" alisema. "Hapa ndipo wima? Mbona naanguka? Mama yangu, mbona hapa ndipo naanguka?"

"Huanguki."

"Kwa hiyo siku zote..." Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamehama kutoka kwenye uzi, yamekwenda pembeni, kwenye mikono ya mkewe iliyoonekana kiooni, alama nyeusi juu ya nyeusi kuanzia kiwiko mpaka begani. Akakunja uso. Ilikuwa sauti yake ya zamani iliyouliza, sauti ya mume ambaye yuko tayari kutoka nje muda huohuo akamtafute mtu.

"Nani amekufanya hivyo?"

Mke akaanza kuishusha mikono ya blauzi. Kaka aliitazama nyundo yake. Nje dereva alipiga honi mara moja, hakujibiwa.

"Ni wewe, mwanangu," alisema mama yake kutoka kwenye kiti cha pembeni. Aliziba uso kwa mikono yote miwili. "Ni wewe. Niliona mimi. Na Alhamisi niliona."

Bega la Fundi lilianza tena kwenda kushoto, taratibu, lenyewe, na safari hii alikuwa analiona linavyokwenda.

"Uzi, Fundi," mkewe alisema.

Akayarudisha macho kwenye uzi.